Za Mwizi Arobaini

Msomaji mpenzi, methali hii umeisikia tangu shule ya msingi, nami pia nimeisikia. Tumeiandikia insha mara nyingi, na kila mara mwizi wa insha hushikwa sokoni akipora kibeti cha mama fulani, umati unamzingira, polisi wanafika, insha inaisha. Mimi leo sina mwizi wa sokoni. Nina kadi moja ya Krismasi ya mwaka 1974, nina shilingi 40, na wezi wawili. Mmoja wa wezi hao ndiye anayekuandikia.

Mambo yenyewe yalianza mwishoni mwa muhula wa tatu. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimekutana baada ya masomo, sisi tukidhani tumeitwa kusomewa matokeo ya mashindano ya ushairi. Badala yake mlezi wetu akatuambia kwamba maktaba ya mji ingefanya maonyesho ya vitu vya kale vya Krismasi mwezi mzima wa Desemba, na mkutubi alikuwa ameomba msaada wa shule zilizo karibu. Kitu chochote kingepokelewa, mradi kiwe kimepita miaka thelathini: kadi, picha, santuri, mapambo, hata nguo. Sisi wanachama tungeandika maelezo mafupi kwa Kiswahili sanifu, yabandikwe kando ya kila kitu.

Vidole vikainuka juu kama mahindi shambani. Huyu kwao kuna redio ya babu yake ya betri sita, yule kwao kuna picha ya kwaya ya mwaka 1968, mwingine ana shangazi aliyehifadhi gauni la Krismasi tangu utotoni. Mimi nilikaa kimya kama maji ya mtungini. Kwetu hakuna kitu cha kale ila nyanya mwenyewe, na yeye huwezi kumtia katika kabati la kioo.

Hapa yafaa nimweleze nyanya. Nyumba ya wazazi wangu iko ng'ambo ya ua tu, lakini mimi hulala kwa nyanya tangu nilipokuwa darasa la nne. Namtekea maji, namwashia taa, naye hunipa hadithi. Huniita mke mwenzangu, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nyanyake kwa utani. Babu alifariki mwaka 1998, kabla sijazaliwa, na nyanya akimtaja husema "mume wetu". Ujanani babu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, Mombasa, naye alikuja nyumbani kwa treni mara moja au mbili kwa mwaka.

Nyanya hajui kusoma. Mwaka 1979 serikali ilipoanzisha kampeni ya elimu ya watu wazima, ile tuliyozoea kuiita ngumbaru, alihudhuria majuma mawili tu. Baba yangu alikuwa mchanga, akashikwa na surua, na nyanya hakurudi tena darasani. Ana sanduku la bati chini ya kitanda chake. Sanduku lina kufuli, na ufunguo hukaa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Mimi peke yangu ndiye aliyekuwa akipewa ufunguo huo, anaponituma nimtolee leso ya kwenda matangani.

Siku ya Jumamosi iliyofuata mkutano wetu alinituma hivyo hivyo. Niliinua leso ya kwanza, nikainua ya pili, na katikati ya ya tatu kikaanguka kitu. Ilikuwa bahasha iliyogeuka rangi ya chai, ina stempu yenye majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Ndani mlikuwa na kadi. Mbele ilichorwa ndege mdogo mwenye kifua chekundu, amesimama juu ya uzio uliofunikwa na theluji. Nikaifungua na kusoma. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino, umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo:

"Mke wangu mpendwa, salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi huku Mombasa ni mzima, hofu ni kwenu. Krismasi hii sitakuja. Meli zimejaa bandarini na likizo zimesimamishwa. Nitakuja Pasaka Mungu akipenda. Humu ndani nimetia shilingi 40. Shona gauni lako na la mtoto, zitakazobaki nunua nyama na sukari mle kama wenzenu. Nawasalimu wote. Mimi mumeo."

Nilifurahi si haba. Nikajiambia, kumbe babu alikuwa mtu wa mapenzi hivi! Kisha shetani akaninong'oneza sikioni. Kadi ya mwaka 1974, stempu na yote! Ningemwomba nyanya angekataa, au angeuliza maswali mia. Na si ningeirudisha Januari? Yeye mwenyewe hata kusoma hajui, kadi inamsaidia nini? Wazo hilo la mwisho ndilo linalonichoma hadi leo ninapoandika. Niliitia kadi ndani ya daftari la Historia, nikafunga sanduku, nikampelekea leso yake nikimtazama usoni bila haya.

Maonyesho yalifunguliwa Desemba ilipoanza. Msomaji, kama hukufika ulikosa mengi. Chumba cha magazeti kilikuwa kimepambwa kwa karatasi za rangi zilizosokotwa, zile zilizokuwa zikining'inizwa kutoka kona hadi kona katika kila sebule, na pembeni palisimamishwa tawi kubwa la saiprasi, mti uleule unaopandwa kuzunguka boma. Juu yake zilikuwa mbegu za misonobari zilizopakwa chokaa, na gololi tano za kioo chembamba ambazo familia moja iliachiwa na mwajiri wao mzungu aliporudi kwao. Mkutubi alitueleza kwamba gololi za namna hiyo zilianza kutengenezwa katika kijiji cha Lauscha, Ujerumani, katika karne ya 19, na mafundi waliopuliza kioo kama sisi tunavyopuliza baluni. Kabla ya hapo watu wa huko walitundika matufaha na njugu. Alisema pia kwamba desturi ya mti huo ilienea sana Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wao, mwaka 1848.

Kulikuwa na kijikasha cha shaba nyeupe kwa njano, kimechakaa pembeni. Mzee aliyekileta alisema kilipitia mikono mingi hadi kufika kwao. Hicho ni kitu cha vita. Krismasi ya mwaka 1914, Binti Mfalme Mary wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alisimamia mchango wa kuwapelekea wanajeshi zawadi katika vijikasha kama hicho, ndani mkiwa na tumbaku, sigara, picha yake na kadi ya salamu. Nilipokuwa nikiandika maelezo yake niliwaza juu ya wapagazi wetu wa vita hivyo, wale wa Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi vichwani. Jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Niliandika hayo kwenye karatasi, na mkutubi akaniachia.

Santuri ya nyimbo za Krismasi ya kundi la Boney M, ya mwaka 1981, ilikuwepo pia, na hiyo haikuhitaji maelezo. Kina mama walioingia waliianza wenyewe kwa kutikisa mabega.

Lakini meza ndefu kuliko zote ilikuwa ya kadi. Bango lililokuwa juu yake niliandika mimi. Nilieleza kwamba kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilitolewa London mwaka 1843 na Bwana Henry Cole, aliyekuwa na shughuli nyingi mno hata akakosa wakati wa kuwaandikia marafiki zake barua moja moja. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree, zikachapwa kama 1,000, na moja ikauzwa kwa shilingi nzima, pesa nyingi wakati huo. Mwaka uliofuata, 1844, ndipo Ludwig Krapf alipofika Mombasa na kuanza kujifunza Kiswahili chetu hiki. Nilieleza pia kuhusu yule ndege mwenye kifua chekundu. Matarishi wa posta wa Uingereza zamani walivaa makoti mekundu, wakabandikwa jina la ndege huyo, na ndipo wachoraji wakaanza kumchora kwenye kadi, wakati mwingine akiwa na barua mdomoni. Kwa hiyo ndege yule ni tarishi, na theluji iliyo chini yake ni theluji ya huko kwao. Ndiyo maana watu wetu, ambao Krismasi yao ni ya jua kali na vumbi, walitumiana picha za baridi miaka nenda miaka rudi.

Kadi ya babu iliwekwa katikati, chini ya kioo, imefunguliwa wazi ili mwandiko uonekane. Kando yake niliandika: "Mume amwandikia mkewe. Mombasa, Desemba 1974." Watu walisimama hapo kuliko mahali popote pengine. Wengine walisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa, hata mlezi aliposema nimekiletea chama sifa nilijiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Siku ya tisa ya maonyesho, mama mmoja tunayesali naye kanisa moja alipita kwetu. Nilikuwa jikoni nikichambua mboga, nikamsikia.

"Nyanya, kumbe mzee wenu alikuwa na mambo! Nimesoma kadi yenu huko maktaba. Eti salamu kama mchanga wa pwani. Na shilingi arobaini! Wakati huo zilikuwa pesa, si mchezo."

Kukawa kimya. Kisha nyanya akauliza polepole, "Shilingi gani?"

Yule mama akarudia. Nyanya hakusema kitu tena. Mgeni alipoondoka nilisikia kitanda kikisogezwa, kufuli likafunguliwa, na leso zikawekwa sakafuni moja baada ya nyingine. Kijasho chembamba kikaanza kunitoka.

Usiku, baada ya kula, akaniita. "Mke mwenzangu, kuna mtu amefungua sanduku langu?"

"Hapana, nyanya," nikajibu. Haikunichukua hata nukta moja. Uongo ulinitoka kama mate.

Alinitazama kwa muda, halafu akapunguza taa. "Haya, lala. Kesho utanipeleka huko maktaba."

Sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi nilimkuta amevaa gauni la kanisani na viatu vyake vya kufunga. Tulitembea mwendo wa saa nzima bila kuzungumza. Tulipofika kwenye lango miguu yangu ikakataa. Nikapiga magoti pale kwenye kokoto, nikamwambia, "Nyanya, ni mimi. Nilichukua mimi, na jana nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Mwenye ufunguo ni wewe na mimi, na mimi sikuchukua. Inuka, unachafua rinda. Twende."

Nyanya hakuwa ameingia maktaba tangu azaliwe. Aliwaamkia watu wote waliokuwa wakisoma, na wote wakalazimika kuinua vichwa na kuitikia. Hakuangalia mti wala gololi. Alipoona yule ndege kwenye bahasha iliyowekwa kando, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Nisomee," akasema. "Yote. Usiruke neno."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "Mungu akipenda", midomo yake ilikuwa ikitikisika pamoja nami, kana kwamba anasali sala anayoijua. Nilipoendelea na "Humu ndani nimetia shilingi 40", midomo ikasimama. Nikasoma hadi mwisho. Akasema, "Rudia hapo penye pesa." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu, sauti yangu ikiwa imekwama kooni.

"Na huu ni mkono wake kweli?"

"Ni mkono wake, nyanya."

Mkutubi, Mungu ambariki, alituletea kiti. Ni hapo, mbele ya kadi zile zote, nyanya aliponieleza jambo ambalo hata baba yangu hakuwahi kulisikia.

Wakati ule barua za kijiji zilikuja kupitia sanduku la posta la shule, na watoto ndio waliozibeba hadi nyumbani. Kadi ile ililetwa na mdogo wake babu, ambaye sisi humwita babu mdogo. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba na kufanya mtihani wa CPE. Ndiye aliyekuwa msomaji wa nyanya. Alimsomea hadi "Mungu akipenda", kisha akasema, "Nawasalimu wote. Mimi mumeo." Nyanya alimwomba asome mara ya pili, naye akasoma vilevile. Krismasi hiyo nyanya na shangazi yangu walikula ugali na mboga za kunde, wakasikia harufu ya nyama ya majirani, na kwenda kanisani na nguo za mwaka uliotangulia.

Pasaka babu akaja. Swali lake la kwanza likawa, "Gauni liko wapi?" Nyanya akauliza, "Gauni gani?" Hapo moto ukawaka. Babu akasema mke wake amewapelekea pesa watu wa kwao. Nyanya akasema mume wake amekula pesa na wanawake wa Mombasa, kisha akamtumia picha ya ndege, na ndege wa karatasi hapikwi. Babu akamwambia, "Lete hiyo kadi nikuonyeshe nilivyoandika." Nyanya akajibu, "Niliichoma."

"Kwa nini ulisema hivyo na ulikuwa nayo?" nikamwuliza.

"Kwa sababu mtoto alikuwa amenisomea mara mbili na hakuna pesa iliyotajwa. Nilifikiri mume wetu anataka kunisomea maneno yasiyokuwepo, kwa kuwa mimi ni kipofu wa barua. Nilitaka kuitia motoni kweli, lakini mkono ukakataa. Basi nikaificha. Na ukishasema umechoma kitu, huwezi kukitoa tena."

Miaka ikapita. Walizaa, wakalima, wakazika wazazi wao. Lakini kila walipogombana, hata kwa jambo dogo kama chumvi, shilingi 40 zilirudi mezani. Babu alikufa akisema alizituma. Nyanya alimzika akiamini kwamba mumewe alikuwa mtu mwema mwenye uongo mmoja.

Huenda umeshamchukia babu mdogo. Ngoja kwanza. Babu mdogo ni mwalimu mstaafu. Baba yangu alipoingia sekondari katika miaka ya tisini, babu alikuwa ameshaugua na kuacha kazi bandarini, na aliyelipa karo yote ya miaka minne ni babu mdogo. Hakudaiwa, alijitolea. Kila Krismasi huja kwetu kula, na humletea nyanya kilo mbili za sukari. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ni sukari.

Tulipoondoka maktaba nilifikiri nyanya angepita moja kwa moja kwake. Hakupita. Alinikataza hata kumwambia baba. Alichomwomba mkutubi ni mambo mawili tu: kadi ifungwe, watu waone ndege peke yake, na tarehe 24 apewe kwa siku mbili ambazo maktaba ingekuwa imefungwa. Mkutubi alikubali, na tena aliniambia mbele ya nyanya kwamba siku nyingine nisilete kitu bila ruhusa ya mwenyewe. Nilistahili.

Krismasi ikafika. Nyumba ilikuwa imekandikwa upya, chapati zimepikwa kitunga kizima, jamaa wametoka Nairobi na Nakuru. Babu mdogo alikuja saa saba na sukari yake. Tulikula, tukashiba, soda zikafunguliwa. Kisha nyanya akafungua pindo la leso, akanipa ufunguo, akasema, "Mke mwenzangu, lete ile."

Akamkabidhi babu mdogo. "Shemeji, mwalimu, nisomee. Macho yako bado ni mazuri."

Babu mdogo alivaa miwani. Alipoona yule ndege mikono yake ilianza kutetemeka. Watoto walikuwa wakipiga kelele nje na baluni, lakini mle ndani ungesikia sindano ikianguka. Alisoma polepole kama mtoto anayejifunza. Alipofika kwenye "Mungu akipenda" alisimama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasoma yote. Shilingi 40 akazisoma kwa sauti iliyosikika hadi uani.

"Zilikuwa noti mbili za ishirini," akasema alipomaliza. "Nilikuwa nimeitwa kidato cha kwanza. Orodha ya shule ilitaka viatu vyeusi na sanduku, na nyumbani hapakuwa na kitu. Nilisema nitazilipa nikipata kazi. Nilipopata kazi, nikaona haya. Nilipolipa karo ya mtoto wenu, nikajiambia sasa deni limekwisha."

Baba yangu alitazama chini. Hakuna aliyejua aseme nini. Nyanya ndiye aliyesema, na maneno yake sitayasahau katika aushi yangu:

"Zile arobaini ulizilipa, shemeji, tena na faida. Mwanangu amesoma kwa sababu yako, nami nashukuru mbele ya watu. Lakini mume wangu nilimwita mwongo miaka ishirini na mitatu, na akafa nikimwita hivyo. Hilo hukulipa. Na mimi pia sikulipa, kwa kuwa nilisema nimechoma."

Babu mdogo alilia. Ni mara ya kwanza kumwona mzee akilia pasipo na matanga. Nyanya hakumkumbatia kama katika filamu. Alimjazia chai, akamsogezea chapati. Jioni alichukua kadi, akaenda peke yake nyuma ya nyumba lilipo kaburi la babu, akakaa hadi giza likaingia. Aliyoyasema huko sikuyasikia, na hata ningeyasikia nisingeyaandika hapa.

Wanachama wenzangu, sisi husema kila siku kwamba elimu ni taa. Ni kweli. Lakini mwenye taa anaweza kukuangazia njia, na anaweza pia kuigeuza taa upande mwingine ukajikwaa. Babu mdogo alijua kusoma, akaruka mstari mmoja. Mimi najua kusoma, na kwa sababu hiyo nilimdharau asiyejua, nikachukua kitu chake na kukianika kwa mji mzima. Yeye alikuwa na shida ya viatu. Mimi nilikuwa na shida ya sifa tu. Sasa niambie, kati yetu nani mwizi mkubwa?

Tangu Januari, kila jioni baada ya kazi zangu za shule, nyanya huketi nami mezani. Tulianza na a, e, i, o, u, na sasa anasoma silabi kwa kidole. Kitabu chake cha kwanza ni kadi ile. Kabla ya kujua jina lake mwenyewe alitaka kujua "arobaini" linavyoandikwa. Juzi alisoma "mke wangu mpendwa" bila msaada, akanigeukia na kusema, "Leo nimemsikia mwenyewe, bila tarishi."

Insha hii nimemsomea yote kabla ya kumkabidhi mhariri, neno kwa neno, hata pale niliposema uongo ulinitoka kama mate. Ametoa ruhusa. Babu mdogo naye ameisoma, akakubali ichapwe, na kwa vile ualimu haustaafu, akanisahihisha makosa mawili ya sarufi kwa kalamu nyekundu.